Udongo wa Shimo la Manyoya

Mama yangu ananyonyoa kuku. Nikisema hivyo mbele ya walimu wenzangu, wapo wanaodhani nazungumzia zamani, kabla sijasoma. Hapana. Hata leo ukifika sokoni hapa Tabora asubuhi utamkuta nyuma ya vibanda vya nyanya, amekaa kwenye kigoda chake, sufuria kubwa la maji ya moto mbele yake, mikono ikienda mbio huku mdomo ukiendelea na habari za mtaa. Mteja anamwachia kuku, anakwenda kutafuta vitunguu, akirudi anakuta kuku yuko tayari kwenye mfuko, firigisi imepasuliwa na kuoshwa. Kazi hiyo ndiyo iliyonisomesha, na harufu yake niliivaa pamoja na sare ya shule kwa miaka mingi. Sasa nafundisha biolojia katika sekondari moja hapa mjini, na bado nikisikia harufu ya kuku aliyelowa maji ya moto najiona niko nyumbani.

Tatizo la kazi ile ni manyoya. Nyama inaliwa, utumbo unachukuliwa na wafuga samaki, damu inamwagiwa maji, lakini manyoya hayana mwenyewe. Ukiyachoma, mtaa mzima unakulaani. Ukiyarundika, yanakaa tu mwezi baada ya mwezi, hayaozi wala hayapungui. Gari la taka nalo huja likijisikia. Kwa hiyo mama na wenzake walikuwa wakiyasukumia kwenye mtaro ulio nyuma yao, na kiangazi chote upepo ulikuwa ukiyainua na kuyapeleka kwenye duka la vitambaa ng'ambo ya mtaro. Mwenye duka ni Mhindu mmoja mpole, hajagusa nyama tangu azaliwe. Mara nyingi nilimwona akibandua unyoya kwenye doti za khanga kwa ncha za vidole, uso ameugeuzia pembeni. Alilalamika kwa adabu, akalalamika tena kwa adabu, kisha mvua zikaja, mtaro ukaziba na maji yakaingia dukani kwake. Hapo adabu ikamwisha.

Bwana afya alikuja kiangazi kilichofuata. Ni kijana wa heshima, aliwaamkia wote shikamoo kabla ya kusema neno. Kisha akasema: "Mama zangu, mvua za kwanza zikikuta manyoya kwenye mtaro huu, nafunga sehemu hii. Sitaki tufike huko." Akawaachia ndoo ya klorini ya unga ya kuoshea meza za kuchinjia, akawafundisha kuichanganya, akawasisitizia usafi, akaondoka.

Jioni mama alipita kwangu, nikamwambia kwa moyo mweupe kabisa kwamba labda ni heri, sasa apumzike, aje tuishi wote. Aliniangalia kama niliyemtukana.

"Nije kwako nifanye nini? Nikae kwenye kochi nitazame tamthilia za Kituruki?"

"Upumzike, mama."

"Mimi nikikaa bure nakufa. Nakwambia kweli. Usinizike kabla ya siku zangu."

Nilikasirika, kwa sababu nilidhani natoa zawadi. Nina hasira za karibu, kila anifahamuye anazijua, wanafunzi wangu ndio usiseme. Lakini alipoondoka niliitazama ile njia aliyopita, mgongo wake ulivyokuwa umeinama kidogo upande wa kulia kwa sababu ya kile kigoda, na nikaogopa. Pale sokoni mama ni mtu. Watu wanamwita kwa mbali, wanamtania, wanamletea ugomvi wao auamue. Nyumbani kwangu angekuwa mama wa mwalimu tu. Nikaanza kufikiria manyoya kwa dhati, mara ya kwanza maishani mwangu.

Nilikumbuka kitu nilichokiona chuoni Morogoro. Mhadhiri mmoja alitupitishia chupa yenye unyoya mmoja ndani ya maji, na wiki iliyofuata akatupitishia ile ile, unyoya haupo, maji yamekuwa rangi ya chai. Akatueleza kwamba kuna bakteria wa udongoni wanaokula manyoya. Unyoya umeumbwa kwa protini ngumu, ile ile ya kucha na nywele zetu, na mdudu mdogo kiasi kile hawezi kuumeza. Anachofanya ni kutoa vimeng'enya nje ya mwili wake, vinaukatakata unyoya hadi unalainika na kuyeyuka, ndipo anakula. Ni kama magadi yanavyofanya kwenye maharage magumu, ila magadi haya yanatolewa na kiumbe hai. Wakati ule niliandika, nikajibu mtihani, nikasahau.

Swali lilikuwa nitawapata wapi. Maabara yetu ya shule ina darubini moja na mifupa ya plastiki. Lakini bakteria wa namna hii hukaa pale ambapo manyoya yamezikwa muda mrefu, na mahali pa hivyo nilipajua tangu utoto. Palikuwa nyuma ya jiko la bibi yangu, mama yake mama, kijijini Kwihara.

Nyumba ya bibi iko kando ya njia ya zamani, ile waliyopita wapagazi na pembe zao za ndovu, na ambayo sasa hupita bodaboda na watalii wachache wanaokwenda kutazama tembe la mzungu, nyumba ya udongo aliyokaa zamani. Familia yetu imekuwa ikipokea wageni hapo tangu enzi hizo, na kwetu mgeni huchinjiwa kuku. Mila ya nyumba ile ni kwamba manyoya ya kuku wa mgeni hayatupwi ovyo. Yanazikwa yote, siku ile ile, kwenye shimo moja nyuma ya jiko. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza bibi kwa nini. Alisema mgeni akitoka asubuhi asikanyage manyoya ya kuku aliyemla, ataona kuwa amehesabiwa alichokula. Basi shimo lile limekula manyoya ya vizazi na vizazi na halijajaa, na sisi wote tuliona ni jambo la kawaida. Mimi mwenye shahada ya biolojia nilikaa miaka yote hiyo bila kujiuliza yalikuwa yanakwenda wapi.

Nilifika Kwihara Jumamosi asubuhi na koleo dogo na mfuko wa salfeti. Bibi alikuwa anaanika matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukatwa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za mjini, na mimi kwa haraka zangu nikamwambia nimekuja kuchota udongo wa shimo la manyoya niupeleke Tabora. Aliweka ungo chini.

"Udongo wenye manyoya, utoke kwangu, uingie kwenye mfuko, upande bodaboda?"

"Ni kwa ajili ya mama, bibi. Wanataka kumfungia kazi."

"Nimesikia. Lakini wewe umezaliwa wapi, Ulaya? Hujui watasemaje?"

Nilijua. Udongo, manyoya ya kuku, mjukuu anayechimba nyuma ya nyumba na kuondoka na mfuko uliofungwa. Kwetu huhitaji kumaliza sentensi, watu wamekwisha kukumalizia. Bibi angeitwa mchawi ifikapo adhuhuri, na mimi ndiye niliyetumwa mjini kupeleka uchawi wake. Nilianza kumweleza habari za bakteria, akanikatiza.

"Hao wadudu wako sina shida nao. Shida yangu ni kujificha. Kitu cha kuficha ndicho kinachosemwa. Ukitaka udongo wangu, utachota mchana, utabeba kwenye ungo wazi, na utapita kila nyumba usalimie na useme unaupeleka wapi. Na kwanza utakula, maana wewe ni mgeni, na manyoya ya kuku wako yatabaki shimoni badala ya unachochukua."

Ndivyo ilivyokuwa. Alichinja jogoo, tukamla kwa ugali na mchuzi wa karanga. Firigisi aliipakua peke yake kwenye kibakuli, akaifunika, akamwekea mjomba, ambaye hakuwepo hata kijijini, alikuwa amekwenda Ziba kutafuta ng'ombe. Firigisi ni ya mwanamume wa nyumba. Kama hayupo inamsubiri, hata ikichacha. Nimekua nikiona hivyo.

Kisha nikachota. Udongo wa shimo lile ni mweusi na mwepesi, na katikati yake yalikuwepo mabaki ya manyoya yaliyobaki uti wa katikati tu, yakivunjika ukiyagusa. Nilijua bakteria wangu wamo. Niliubeba kwenye ungo kichwani, nikapita nyumba hadi nyumba nikisalimia kwa Kinyamwezi changu kinachochechemea. "Udongo wa nini?" "Wa kula manyoya sokoni, kwa mama." Walicheka hadi wakashika viuno. Mzee mmoja aliniuliza kama kuna wa kula magugu, nimletee.

Pipa tulilipata kwa yule mwenye duka la vitambaa. Nilimfuata mwenyewe, nikamweleza yote, akanisikiliza akiwa ameegemea majora yake. Alikuwa na pipa la bluu uani, halina kazi. "Chukueni," alisema. "Lakini likinuka, mwalimu, mimi narudi kwa bwana afya siku hiyo hiyo." Niliona ni haki yake.

Niliwakusanya mama na wenzake nikawapa somo, na wao waliuliza maswali mazuri kuliko kidato cha tatu. Je, wadudu hawa watakula kuku wazima? Hapana. Watatula sisi? Hapana. Nikawaambia tu jambo moja la kuzingatia: manyoya yaingie pipani yakiwa safi, yasiwe na damu wala mafuta wala vipande vya utumbo, maana hivyo vitaoza na kunuka kabla bakteria hawajafanya kazi. Nikajaza maji, nikamimina udongo wote wa Kwihara, nikakoroga, nikawaachia.

Wiki nzima nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Nilipokwenda kuangalia, mama alinipokea kwa bashasha, akanifunulia pipa mwenyewe. Manyoya yalikuwa meupe. Meupe pe, yanang'aa, yameelea juu ya maji kama ya mto wa kulalia wa bibi harusi. Hakuna hata moja lililolainika.

"Ona yalivyotakata," mama alisema. "Hakuna harufu hata kidogo."

Niliinama nikanusa. Ilikuwa klorini. Waliposikia "safi," waliyaosha manyoya kwa ile klorini ya bwana afya, yote, kila siku, na kwa kuwa walitaka kunifurahisha, walitia na kijiko kingine pipani ili wadudu wangu wakae mahali pasafi. Waliwaua wote. Udongo wa vizazi, nilioutembeza kichwani Kwihara nzima, ulikuwa umekuwa tope lisilo na uhai.

Nilipandwa na hasira pale pale mbele ya watu. "Mama, hao ni wadudu! Klorini inaua wadudu! Ndiyo kazi yake!"

"Ulisema yawe safi," alijibu, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Sisi usafi tulioambiwa ni huo."

Alifunika pipa, akarudi kwenye kigoda chake, akaendelea kunyonyoa bila kusema. Mama akiwa anazungumza ujue mambo ni mazuri. Akinyamaza ujue umemuumiza. Angani upande wa mashariki mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika, na joto lilikuwa lile la kabla ya mvua, linalokufanya ugombane na kivuli chako. Nilirudi nyumbani nikijua kwamba tumekwisha. Kurudi Kwihara na ungo mara ya pili sikuweza, haya ilinishika.

Aliyerudi ni bibi. Mama alimpigia simu bila kuniambia. Asubuhi moja nikiwa darasani mama alinipigia akasema njoo sokoni, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile sauti yake ilikuwa na kicheko. Nilipofika wakati wa mapumziko nilimkuta bibi ameketi katikati ya wanawake, khanga zake mpya zimekunjuka vizuri, beseni la udongo mweusi miguuni pake, wazi, halikufunikwa. Alikuwa amekuja na bajaji kutoka Kwihara akiwa amelipakata, na njia nzima, dereva alituapia, bibi alikuwa akimsimamisha ili awaambie watu anakwenda wapi na amebeba nini. Kando yake palikuwa na kuku amefungwa miguu.

"Haya," aliniambia. "Fundisha tena. Safari hii nasikiliza na mimi."

Tulimwaga yaliyokuwemo pipani, tukalisuuza pipa mpaka harufu ya klorini ikaisha, tukaliacha juani. Safari hii manyoya yaliingia yakiwa yameoshwa kwa maji matupu. Bibi alimimina udongo kwa mikono yake, na nikaacha sehemu ya beseni pembeni, nimejifunza. Nikatia majivu kidogo ya jikoni, maana bakteria hawa hawapendi uchachu, na joto la Tabora likafanya mengine. Bibi alikataa kurudi Kwihara. Alisema udongo ni wake na atausimamia. Akahamishia kigoda chake kando ya pipa, na fimbo yake magotini, na asiyejua angedhani analinda benki. Mtu akipita na ndoo ya klorini anaulizwa anakwenda wapi nayo.

Kila asubuhi kabla ya shule nilipita kukoroga. Mwanzoni sikuona kitu. Kisha maji yakawa na povu jembamba. Kisha yakaanza kunuka, harufu kali ya choo cha shule, na mwenye duka la vitambaa akajitokeza mlangoni kwake, akasimama, akanusa, akaniangalia. Nilimwomba avumilie kidogo tu. Aliingia ndani, akatoka na kifuniko cha lile pipa alichokuwa amekisahau uani, akakileta mwenyewe hadi ukingoni mwa mtaro. Tulikiweka kwa ulegevu ili hewa ipite, na harufu ikapungua.

Asubuhi moja nilipoingiza mti wa kukorogea ukapita bila kukwama, sikuamini. Niliuinua. Manyoya yaliyokuwa yamejaa hadi juu yalikuwa yameshuka, na yaliyobaki yalikuwa vijiti laini vinavyojikunja, katika mchuzi wa rangi ya chai ya rangi. Nilimwita mama. Alikuja na mikono inayochuruzika maji, akatazama ndani muda mrefu.

"Wamekula," alisema.

"Wamekula, mama."

"Hee! Wana njaa hawa." Akageuka akawapigia wenzake kelele, na kuanzia hapo hakunyamaza tena.

Tuliazima pipa la pili, tukatia manyoya mapya na ndoo ya mchuzi wa lile la kwanza, maana sasa bakteria walikuwa wamezaana wenyewe. Maji yaliyoiva tuliyapunguza makali kwa maji mengi tukampa mama mmoja auzaye mchicha, amwagilie bustanini kwake. Alirudi kuomba tena, na tena, na sasa hana cha kuzungumza isipokuwa majani ya mchicha wake. Wanawake walikwangua mtaro wote kwa majembe, rundo kwa rundo, wakalisha pipa.

Mvua ya kwanza ilishuka siku ya kazi, mchana. Niliomba ruhusa, nikavua viatu nikavishika mkononi, nikakimbia. Wote walikuwa wamejibana chini ya mabati, mama mbele, bibi kwenye kigoda, mwenye duka mlangoni kwake, na wote walikuwa wakiutazama mtaro. Maji mekundu yalikuwa yakipita kwa kasi na majani, na chupa, na kandambili moja, yakaenda zake bila kusimama. Bwana afya alikuwa ameshafika, amevaa mabuti ya mpira, amesimama ukingoni bila mwavuli. Halafu yakaja maji yamebeba unyoya, mmoja, wa kijivu, unazunguka zunguka.

Bwana afya aliinama akautazama.

"Huo wa njiwa," alisema mama. "Mimi kuku namjua, baba."

Yule kijana alicheka mpaka akashika magoti. Mwenye duka naye alicheka, nikamwona meno kwa mara ya kwanza. "Endeleeni na kazi, mama zangu," bwana afya alisema, na wanawake wakapiga vigelegele juu ya kelele za bati, na mimi mwalimu wa biolojia nikalia wazi wazi, mvua ikanisitiri.

Jioni tulimchinja yule kuku wa bibi, aliyekuwa amefugwa uani kwangu muda wote huo akinisumbua. Mama alimnyonyoa, manyoya akayafunga kwenye mfuko ya kwenda nayo sokoni kesho, mimi nikapika. Tulikuwa watatu, bibi, mama na mimi. Baba alishafariki, kaka yangu yuko Dar es Salaam. Wakati wa kupakua niliona mama amenyoosha mkono kuchukua kibakuli kidogo, bila kufikiri, aitenge firigisi ya mtu asiyekuwepo. Ameosha na kupasua firigisi maisha yake yote, za mji mzima, na hajaonja hata moja. Nilimtangulia. Niliichota nikaiweka kwenye sahani yake, juu ya ugali.

Aliitazama, akamtazama mama yake. Bibi alimega tonge, akalichovya, akalitafuna taratibu, akameza.

"Kula basi," alisema. "Itapoa."

Mama aliichukua kwa vidole, akaing'ata. Alitafuna kwa muda. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta kitu alichokuwa ameambiwa kipo.

"Kumbe ni ngumu hivi," alisema.

Bibi alicheka kwanza, mimi nikafuata. Mama aliendelea kutafuna, hakuibakisha.